Barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga: turuhusuni kuhesabu ndege wa ziwa Tshangalele

Lubumbashi, Katuba

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jimbo anayehusika na mazingira,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo,
Kwa wakubwa wa ICCN, taasisi ya taifa ya kulinda maumbile, katika jimbo letu,

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Katuba, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nianze kwenda ziwani Tshangalele kutazama ndege. Naandika mbele ya watu wote kwa sababu barua mbili nilizopeleka ofisini kwa mkono wangu, moja mwaka juzi na nyingine mwaka jana, zilipokelewa, zikapigwa muhuri, na hadi leo sijapata jibu. Ofisi yenyewe siitaji, wala sina nia ya kumshtaki mtu. Nataka tu jambo hili lisikike.

Ombi langu ni moja. Kila mwaka, katikati ya Januari, tupeni siku mbili za kuhesabu ndege wa ziwa lile kwa uhuru, tukiwa na karatasi yenye sahihi yenu, na hesabu tutakayoileta iwekwe kwenye kumbukumbu za jimbo. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini nalibeba ombi hili kama mtu abebavyo maji kichwani, kwa kuogopa lisimwagike.

Kuna ndege mmoja anayeishi kwetu. Nikisema kwetu simaanishi Afrika, wala Kongo nzima. Namaanisha bonde la mto Lufira. Ni kwera, ndege mfumaji, wa ukoo uleule wa wale wa manjano wanaoning'iniza viota kwenye miti ya mitaa yetu. Dume wake wakati wa kuzaa huwa na uso mweusi kama aliyejifunika kitambaa, na utosi na kifua chake vina rangi ya kahawia iliyochanganyika na dhahabu. Anafuma viota vyake kwenye vichaka vinavyoota ndani ya maji, hivi kwamba ukitaka kumwona vizuri sharti uwe mtumbwini. Mwaka 1960 Mbelgiji mmoja, Jean-Claude Ruwet, alimkamata mmoja ziwani Tshangalele akampeleka kwenye makumbusho. Ilichukua miaka 22 kabla ya Michel Louette na mwenzake Benson kuandika, mwaka 1982, kwamba huyu ni aina mpya ya ndege, na wakampa jina la kisayansi, Ploceus ruweti, kwa heshima ya yule aliyemkamata. Kisha kimya. Ni mwaka 2009 ndipo Louette, safari hii pamoja na Michel Hasson, alipotangaza kwamba ndege huyo ameonekana tena, palepale ziwani.

Karibu miaka 50. Katika muda huo wote, wataalamu wa dunia walimjua kwa kutegemea mzoga mmoja ndani ya droo.

Siku ya kwanza niliyomwona, mzee aliyekuwa akinipeleka kwa mtumbwi alishangaa kuona natetemeka. Nilimweleza habari hiyo ya droo na ya miaka 50. Alisukuma pondo lake mara mbili tatu bila kusema neno, kisha akaniambia kwa Kiswahili chetu, akimwita kwera kafundi: "Mwalimu, haka kafundi tunakaonaka kila mwaka. Banakuyaga kutafuta kitu chenye hakijapoteaka?" Baba yule hakuwahi kushika kitabu cha ndege. Lakini alijua kichaka gani kina viota, mwezi gani dume hubadili rangi, na kwamba maji yakipungua upesi ndege wanahama na kuacha viota vikiwa nusu. Ujuzi wote huo ulikuwepo kando ya ziwa miaka yote 50, na hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeuandika. Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuwaza juu ya kuhesabu.

Wengi wenu, Waheshimiwa, mnaijua barabara ya kwenda Likasi. Mmesimamisha magari Kapolowe mkanunua samaki, kama tunavyofanya sote. Mkiingia ndani kuelekea Kapolowe Mission, ziwa linafunguka mbele yenu, pana, la kina kifupi, limejaa matete na yungiyungi. Watoto wengi ninaowapeleka huko hudhani Mungu aliliumba siku moja na milima. Si hivyo. Ziwa hili lilitengenezwa na watu. Mto Lufira ulizibwa kwa bwawa la Mwadingusha, na mwaka 1930 kituo cha umeme kikaanza kazi ili kulisha viwanda vya shaba vya Likasi, wakati huo mji ukiitwa Jadotville. Maji yakajaa uwandani, samaki wakazaana, wavuvi wakaja, na nyuma ya samaki wakaja ndege. Mitambo ya bwawa hilo ilikarabatiwa, na mwaka 2021 kituo kikarudi kwenye nguvu ya megawati 78, umeme ambao migodi inauhitaji hadi leo.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu huniambia: ziwa la kutengenezwa si maumbile, hakuna cha kulinda pale. Mimi naona kinyume chake. Ziwa lililotengenezwa na mkono wa mtu linamtegemea mtu huyo kila siku. Kina chake kinapandishwa na kushushwa kwa uamuzi wa watu walio zamu bwawani. Kwera akifunga kiota chake juu ya maji, nyoka na panya wanapata shida kukifikia. Maji yakishuka chini ya kiota, kichaka kinakuwa ngazi. Simlaumu mtu wa bwawa. Yeye anatazama mahitaji ya umeme, hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Nauliza tu: nani amepewa kazi ya kumwambia kwamba wiki hii vifaranga wamo viotani?

Kwenye karatasi, ziwa hili ni tajiri. UNESCO iliitangaza hifadhi ya Lufira kuwa hifadhi ya baiolojia ya dunia mwaka 1982, mwaka uleule kwera wetu alipopata jina. Mwaka 2017 bonde la Lufira, zaidi ya hekta milioni 4, likaandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, la nne katika nchi yetu baada ya Virunga, mikoko ya pwani ya Atlantiki, na Ngiri-Tumba-Maindombe. Nilipolisoma jambo hilo niliwaita wanafunzi wangu wote mbele ya ramani nikawaonyesha kwa kidole lilipo. Mmoja wao akaniuliza kuna ndege wangapi mle. Nilimjibu majina. Akasema, "Hapana, mwalimu, nauliza wangapi." Sikuwa na la kumjibu.

Kuhesabu ndege si kazi ya kubahatisha, Waheshimiwa, wala si mchezo wa watu wasio na kazi. Naomba niwaeleze inavyofanyika, maana naamini anayejua namna ya kuhesabu ataiheshimu hesabu.

Unaanza kabla ya jua. Unachagua mahali utakaporudia kila mwaka, jiwe lilelile, gati lilelile, kwa sababu hesabu ya mwaka huu haina maana bila ya mwaka ujao kufanywa palepale. Jua likitoka liwe mgongoni mwako, la sivyo ndege wote watakuwa vivuli vyeusi. Mnakuwa wawili: mmoja macho kwenye darubini, mwingine kalamu mkononi, na aliye na kalamu haangalii ndege hata kidogo, anaandika anachoambiwa. Walio wachache unawahesabu mmoja mmoja: furukombe juu ya mti mkavu, wawili, mdiria mweupe na mweusi anayepepea hewani kabla ya kujitupa majini, sita, yule wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kama anayekanyaga mkeka, kumi na tatu. Walio wengi unawakata mafungu. Unahesabu kumi, unalishika jichoni umbo la hao kumi, kisha unalipima umbo hilo juu ya kundi lote: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiruka unaanza upya. Bata wakitulia kwenye matete unangoja. Yangeyange ni wepesi, weupe wao unawasaliti. Kazi ngumu ni vitwitwi, ndege wadogo wa kahawia kwenye matope ya kahawia, wanaokimbia huku na huku bila kutulia. Hao nimewahi kuwahesabu mara nne na kupata namba nne.

Na vitwitwi hao ndio wanaonigusa zaidi baada ya kwera. Wengi wao si wa hapa. Walizaliwa kwenye mabwawa ya kaskazini kabisa, Urusi, Finlandi na nchi za huko, mahali ambapo Januari maji yote ni barafu. Wanashuka kwetu, pamoja na mbayuwayu, wakati mvua zetu zinapoanza, na Aprili wanarudi. Ndiyo maana hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza Ulaya mwaka 1967 na kufanyika Afrika tangu 1991, huwekwa katikati ya Januari: ndipo wasafiri wote wanapokuwa wametulia kwenye makao yao ya kusini. Siku hizo, kutoka Senegal hadi Afrika Kusini, kuna watu wamesimama kando ya maji na daftari. Kitwitwi aliyehesabiwa kwenye ziwa la mbali, asipohesabiwa kwetu, ni kama mgeni aliyepotelea nyumbani mwako na hujui hata kama aliingia.

Sasa nieleze kinachotuzuia.

Darubini. Miaka kumi na moja, na sijawahi kufanya safari tatu mfululizo bila kusimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, kwa sababu ya darubini. Naelewa bwawa ni mahali nyeti. Naelewa migodi ina ulinzi. Lakini mara nne nimeambiwa mimi ni mpelelezi, na mara moja wanafunzi wangu saba, mdogo kabisa akiwa na miaka 14, walikalishwa chini juani kwa zaidi ya saa mbili huku mtu mwenye sare akipekua daftari lao ukurasa kwa ukurasa. Alikuta kumeandikwa "mnandi 22" akataka kujua mnandi ni silaha gani. Mtoto mmoja alimchorea ndege, na hata hivyo tuliachiwa baada ya kutoa pesa za nauli yetu ya kurudi. Tulirudi mjini juu ya lori la makaa, usiku, watoto wa watu wakiwa chini ya dhamana yangu. Wazazi wawili waliwakataza watoto wao kuja tena, na siwezi kuwalaumu. Mmoja wa watoto hao alikuwa na macho bora kuliko yangu.

Ndiyo maana nasema karatasi. Karatasi moja yenye sahihi ya Gavana au ya Waziri, inayosema kwamba watu hawa, kwa majina yao, tarehe hizi, mahali hapa, wanahesabu ndege kwa niaba ya jimbo. Yeyote wa barieri akiisoma, kazi yake na yangu zinakuwa upande mmoja. Tuko tayari kutoa majina mapema, kukaguliwa, kusindikizwa na askari mkiona inafaa, na kukaa umbali mtakaoutaka kutoka ukuta wa bwawa. Askari akija tutampa darubini naye atazame. Nimeona watu wakibadilika uso kwa kitu hicho tu: furukombe akiwa karibu kiasi cha kuona jicho lake la kahawia.

Jambo la pili linahusu wavuvi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu naamini kuna faida ya pande zote. Katika majira ya mvua jimbo hufunga uvuvi ili samaki wazae. Uamuzi huo ni mzuri, nami naufundisha darasani. Lakini anayekaa Kapolowe anajua miezi hiyo ilivyo. Mtumbwi umegeuzwa chini juu, mama anatafuta unga wa bukari kwa kukopa, na wapo wanaotoka usiku na nyavu za chandarua cha mbu, wanazoa hata vifaranga vya samaki visivyofika ukubwa wa ukucha. Wakiogopa kukamatwa wanajificha kwenye matete, na ukiyachoma matete ili kupata njia au kufukuza wanyama, umechoma na viota. Januari ya kuhesabu inaangukia katikati ya miezi hiyohiyo. Mitumbwi ipo, mikono ipo, ujuzi upo, kazi haipo. Kwa nini tusiwalipe wavuvi siku hizo mbili kutupeleka na kuhesabu pamoja nasi? Mitumbwi sita inatosha kwa upande wa Kapolowe. Mzee yule aliyeniuliza wanatafuta nini ambacho hakijapotea angekuwa mwalimu wangu na wa wanafunzi wangu, na angerudi nyumbani na ujira halali mfukoni katika mwezi wa njaa. Na mtu aliyelipwa kuhesabu viota kwenye kichaka fulani hatakiwashia moto kichaka hicho mwezi unaofuata. Nimeliona kwa kiasi kidogo sana, kwa watu wawili tu niliowalipa kutoka mshahara wangu. Mmoja alinitumia ujumbe wa simu mwezi Machi, bila kuulizwa: vifaranga vimeruka.

Mtasema pesa. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 kwa maeneo ambamo madini yanachimbwa. Sisemi pesa hizo hazina kazi nyingine. Nafundisha kwenye darasa lenye madawati matatu yaliyovunjika na najua mahitaji ya jimbo hili. Nasema kwamba ziwa lile lilizaliwa kwa ajili ya shaba, na limekuwa likiitumikia shaba tangu 1930. Siku mbili za mitumbwi sita kwa mwaka ni deni dogo mno kulinganisha na hilo.

Na shaba haichukui umeme wa ziwa tu, inarudisha pia uchafu. Maji yanayopita kwenye viwanda vya Likasi yameshuka kwa miongo mingi hadi Tshangalele, na yameacha alama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wamepima matope, samaki, mboga na hata mikojo ya watu wanaoishi kando ya ziwa, na wamekuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vinavyotia hofu. Kazi hiyo ilichapishwa kuanzia 2009, ipo, inasomwa dunia nzima. Ndege wanakula samaki walewale. Mnandi anakula samaki kila siku ya maisha yake, hana siku ya kula maharage. Ndiyo maana daktari wa ziwa angeanza na ndege: mwaka ambao mnandi 300 wanageuka 40 bila ukame na bila maji kushuka, mtu mwenye akili anapima maji mara moja, kabla ya mama kupika samaki wake. Lakini ili ujue kwamba 300 wamekuwa 40, lazima mtu awe aliandika 300.

Hapo ndipo lilipo ombi langu lote. Hatuwezi kusema ziwa linapona wala linaugua. Mkulima akisema ndege wamezidi shambani, hatuna namba ya kumjibu. Kampuni ikisema kazi yake haijadhuru kitu, hatuna namba. Mgeni akija na darubini ya bei ya gari, anahesabu kwa siku tatu, anarudi kwao, na mwaka unaofuata tunasoma habari za ziwa letu kwa lugha yake. Simchukii mgeni huyo. Bila Ruwet na Louette na Hasson nisingejua kwamba kafundi kale ni hazina. Ila ningependa safari ijayo jina la ndege wa Lufira linapoandikwa mahali, chini yake pawe na hesabu iliyofanywa na mtoto wa Katuba na mvuvi wa Kapolowe.

Waheshimiwa Wabunge, nanyi mna neno lenu hapa. Ibara ya 53 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na inaongeza sentensi ambayo wengi huisahau: ana wajibu wa kuyatetea. Huwa nawasomea wanafunzi sentensi hiyo ya pili polepole. Sheria ya uhifadhi wa maumbile ya tarehe 11 Februari 2014 nayo ipo. Hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji mtu mmoja, katika ofisi moja, ambaye kila Februari mezani kwake panafika daftari, naye anajua kwamba linafika na linahifadhiwa wapi. Mtu huyo akipatikana, mengine tutayabeba. Naomba pia wasimamizi wa bwawa watupatie kipimo cha kina cha maji kwa siku hizo mbili, namba moja tu asubuhi na moja jioni, ili hesabu yetu isomwe pamoja na maji yalivyokuwa.

Kwa ndugu wa ICCN, ninyi mnalinda hifadhi za Upemba na Kundelungu kwa hali ngumu ambayo sote tunaijua, na wapo wenzenu waliolala huko na hawakurudi. Siwaombi mtoe walinzi mliopungukiwa nao tayari. Naomba mmoja wenu, hata aliyestaafu, aje atufundishe namna ya kuandika taarifa ili ikifika kwenu iweze kutumika. Wanafunzi wangu wanajua ndege, hawajui ripoti.

Tumejiandaa. Tuna darubini nne, mbili zikiwa na kioo kilichopasuka upande mmoja lakini zinaona. Tuna daftari lenye mistari tuliyoichora wenyewe, jina la ndege kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na la kisayansi. Tuna wanafunzi kumi na wawili ambao tangu Septemba wanafanya mazoezi kila Jumamosi kwenye ziwa dogo la Kipopo, nje kidogo ya mji, wakihesabu bata walewale hadi namba zao zilingane. Juma lililopita zililingana. Wawili walikumbatiana.

Januari ijayo, Jumamosi ya wiki ya tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tutakuwa kwenye maji ya Kapolowe Mission. Mzee wetu amekubali kuongoza mtumbwi wa kwanza, na nafasi moja ndani yake tumeiacha wazi kwa mtu mtakayemtuma. Aje na viatu vya mpira na koti la mvua. Darubini tutampa. Kafundi hufuma upande wa mashariki, dakika arobaini kwa pondo, na asubuhi hiyo madume watakuwa tayari wameshavaa nyuso zao nyeusi.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa biolojia, Katuba, Lubumbashi